Sura ya 217 na Sura ya 218: Maktaba na ukumbi wa maigizo Nairobi

Katika sheria za Kenya, Sura ya 217 inahusu Maktaba ya Ukumbusho ya McMillan, na Sura ya 218 inahusu Kituo cha Utamaduni cha Kenya, ambacho ndicho chenye Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo. Majengo hayo mawili ya Nairobi ni majirani pia katika historia. Yote yalijengwa na wakoloni kwa ajili ya wakoloni, yote yalichakaa baada ya uhuru, na yote yaliingia karne ya 21 yakihitaji ukarabati. Namna yalivyohudumiwa inasaidia kujibu swali linalozisumbua halmashauri za miji mingi: fedha zikiwa chache, ukumbi wa zamani utengenezwe kwanza au maktaba zipanuliwe?

Maktaba ndiyo iliyotangulia. Ilifunguliwa mwaka 1931 katika barabara iitwayo sasa Banda Street, karibu na Msikiti wa Jamia. Lady Lucie McMillan aliijenga kumkumbuka mumewe, Sir William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyekuwa na shamba kubwa Juja na kufariki mwaka 1925. Shirika la Carnegie la New York lilichangia gharama. Mlangoni zimesimama nguzo nene za mawe, na simba wawili wanalinda ngazi. Ndani mlihifadhiwa magazeti ya tangu siku za mwanzo za ukoloni, pamoja na samani zilizokuwa za mwandishi Karen Blixen, ambaye aliondoka Kenya mwaka huohuo wa 1931. Kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kukaa na kusoma humo. Milango ilimfungukia katika miaka ya mwishomwisho ya ukoloni tu, na baadaye maktaba ikawa mali ya baraza la jiji.

Ukumbi wa Kitaifa ulifunguliwa Novemba 1952, ng'ambo ya barabara kutoka Hoteli ya Norfolk. Hazikuwa zimepita hata wiki tatu tangu serikali ya kikoloni itangaze hali ya hatari dhidi ya vuguvugu la Mau Mau. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, bendera ilibadilika, lakini jukwaani michezo ya Kizungu ikaendelea kutawala. Mzozo ulipamba moto mwaka 1976, wakati Kenya ikijiandaa kwa tamasha la FESTAC la Lagos. Tamthilia kuhusu Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, iliyoandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo, pamoja na ile ya Francis Imbuga, Betrayal in the City, zilipewa siku chache mno, kwa sababu ukumbi ulikuwa umeshatengewa maonyesho ya kigeni. Hata hivyo, usiku wa kwanza wa mchezo wa Kimathi watazamaji waliinuka, wakaungana na waigizaji, wakatoka nje wakiimba na kucheza. Mwaka 1982 kundi la Ngũgĩ lilipofika na mchezo wa Maitu Njugira, lilikuta milango imefungwa.

Kundi hilo lilitoka Limuru, ambako wanakijiji wa Kamirithu walikuwa wamejijengea ukumbi wao wa wazi, wakaonyesha humo mchezo wa Ngaahika Ndeenda mwaka 1977. Polisi waliubomoa Machi 1982. Kamirithu ilithibitisha kwamba maigizo yanaweza kuishi bila jengo la fahari. Ilithibitisha pia kwamba yasipokuwa na mahali pa kudumu, ni rahisi kuyafukuza.

Uchakavu wa ukumbi na wa maktaba haufanani. Ukumbi huharibika kwa vishindo: nyaya za taa huungua, mitambo ya sauti hukongoroka, viti hung'oka, na hakuna onyesho linaloweza kufanyika. Kwa hiyo unahitaji fedha nyingi kwa mkupuo mmoja. Maktaba huharibika kimyakimya. Paa huvuja juu ya rafu, vumbi na unyevu hula karatasi, vitabu vipya havinunuliwi, na wasomaji hupungua mmoja mmoja. Kupaka rangi hakuiponyi, kwani inadai bajeti ya vitabu na mishahara ya wakutubi kila mwaka.

Nairobi ilitumia njia mbili tofauti. Ukumbi wa Kitaifa ulifanyiwa ukarabati mkubwa kwa msaada wa kampuni ya bia, ukafunguliwa upya Septemba 2015. McMillan ilikwenda polepole. Mwaka 2017 Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walianzisha shirika la Book Bunk, na mwaka uliofuata shirika hilo likaingia ubia na Kaunti ya Nairobi. Lingeweza kuanza na jengo lenye simba, ambalo ndilo linalovutia wapiga picha na wafadhili. Lilianza na matawi mawili yaliyo karibu na makazi ya watu, Kaloleni na Makadara. Huko vyumba vilitengenezwa upya na programu za watoto na vijana zikaanzishwa. Katika maktaba kuu, vitabu na picha zilianza kuorodheshwa na kuhifadhiwa kidijitali, kwa kuwa huwezi kulinda hazina usiyojua ina nini.

Kutokana na hayo, mji wowote wenye mtanziko kama huu unaweza kufuata mpangilio ufuatao. Kazi ya kwanza ni kuziba paa, la ukumbi na la maktaba pia, maana jengo likishaanguka hakuna tena la kuamua. Ya pili ni kupanua huduma ya maktaba mitaani, kwa sababu msomaji huihitaji kila siku na matawi madogo hayagharimu sana. Ukarabati kamili wa ukumbi unaweza kusubiri mfadhili, mradi masharti yaandikwe mapema: siku ngapi kwa mwaka zitatengewa vikundi vya wenyeji, na kwa ada gani. Mwaka 1976 Ukumbi wa Kitaifa ulikuwa na jukwaa, na bado tamthilia za Wakenya zilikosa nafasi ya kutosha. Jengo la umma hukamilika pale wenye mji wanapolitumia.