Kivinjari cha kazi: kutoka Netscape mpaka fishi za balimaji ba Sakania

Wandugu, historia ya kivinjari (navigatere, vile tunaita kwetu) ilianzia mbali na Sakania, lakini imefika paka mu fishi zetu za balimaji.

Mu 1994, Lou Montulli, fundi wa Netscape, alitafuta namna saiti inaweza kumukumbuka mutu mwenye kurudia. Akatunga kuki, kafishi kadogo kenye saiti inaacha mu ordinatere yako. Haikuwa na ubaya: bila kuki, duka la intaneti linasahau vitu ulichagua kila mara unageuza ukurasa. Lakini bantu ba matangazo bakaona kama banaweza kuweka kuki yao mu saiti mingi na kumufuata mutu moja kila fasi anapita. Taabu ya leo njo ilianzia pale.

Netscape ilishindwa na Microsoft. Mu 1998 ikafungua kodi yake, Mozilla ikazaliwa, na Firefox 1.0 ikatoka tarehe 9 Novemba 2004. Chrome ilifuata mu Septemba 2008: ya mbio, ya bure, lakini kampuni yenye kuitengeneza inaishi na matangazo. Mweye benyewe mupime.

Ku mupaka, bengi tulijulia intaneti mu Opera Mini, juu mega ziko bei. Ilikuwa akili ya kweli: ukurasa unapita kwanza ku maseva ya Opera, unapunguzwa uzito, kisha unakuja mu telefone. Hata hapa Sakania, fasi telefone inarukaka yenyewe ku rezo ya Zambia, ukurasa ulifunguka. Lakini mwenye kukubebea barua yenye haifungwe anaweza kuisoma. Mu 2016 kivinjari kile kilinunuliwa na kundi la makampuni ya Chine. Sisemi kama kuko mutu anasoma; nasema njia inapita wapi.

Agronome anatafuta nini mu mambo haya? Mara mbili tatu kwa mwezi najaza fomu ku intaneti: majina ya balimaji, namba zao, hekta, pointi za GPS za mashamba. Kwetu kuko mines, na kuko bantu benye kutafuta udongo. Liste kama ile iko na bei. Tangu 13 Machi 2023 tuko na Kodi ya Numeriki, yenye inalinda habari za mutu. Ni muzuri, lakini vidole vyenye kujaza fomu ni vyangu.

Basi kuchagua. Ile dirisha ya siri ya Chrome inakuficha mbele ya ndugu mwenye mutatumia naye mashini, haikufiche mbele ya saiti. Balipeleka Google ku tribinali Marekani mu 2020 juu ya ile, na mu 2024 ikakubali kufuta mabilioni ya rekodi. Brave inazuia matangazo yenyewe, na inachunga mega. Lakini mu 2020 balikuta inaongeza kodi yake ya kupatia faida mu adresi fulani zenye bantu banaandika. Baliomba samahani, balitoa. Kwangu ile ilitosha. Tor njo yenye nguvu kupita zote, juu inapitisha mambo yako ku vituo tatu. Na konekshon yetu, fomu moja inakupeleka mpaka magaribi.

Nikabakia na Firefox. Tangu 2022, mu ordinatere, kila saiti iko na boksi yake ya kuki, haione za wengine. Si mutakatifu: sehemu kubwa ya feza ya Mozilla inatoka kwa Google, juu ya kuwekwa chombo cha kwanza cha kutafutia. Kwa kazi ya siku chache mu mwezi, inatosha. Mambo yangu ya kila siku yamebakia ku Chrome. Firefox ni ya fomu paka, nimeipanga ifute yote wakati naifunga, na haichunge neno la siri hata moja, juu mashini ya biro tunaitumia bantu ine.

Kivinjari hakikufiche mbele ya kampuni ya telefone, wala hakizuie kukatiwa. Kuanzia 31 Desemba 2018, kisha uchaguzi, intaneti ilikatwa karibu juma tatu. Tor, Chrome, Firefox, zote zilikuwa sawasawa. Ndiyo sababu nachunga tena kaye ya karatasi, mu kabati yenye kufungwa na funguo.

Benye kutumia Firefox mu telefone ya memori kidogo, mutuambie inaenda namna gani.