Takwimu za matumizi katika zana za programu

Ukusanyaji wa takwimu za matumizi bila majina ni utaratibu ambao zana ya kuundia programu humtumia mtengenezaji wake, kupitia intaneti, taarifa za amri zilizotumika, hitilafu na aina ya kompyuta, bila kumtaja mtumiaji. Jijini Nairobi, suala hili hupimwa kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019. Kwa sheria hiyo, data huwa haina utambulisho pale tu mhusika asipoweza kutambulika tena. Kufuta jina hakutoshi. Namba ya nasibu inayodumu katika kompyuta moja, ikiunganishwa na anwani ya intaneti ya ofisi ya watu watatu mtaani Kilimani, yaweza kumfichua mtu.

Watetezi wa utaratibu huu husema kwamba bila takwimu hizo hitilafu nyingi hazionekani, na kwamba asiyetaka anaweza kuuzima: katika jukwaa la programu la .NET huweka kigezo cha DOTNET_CLI_TELEMETRY_OPTOUT kuwa 1. Hoja ya kwanza ina uzito. Ya pili ni dhaifu, kwani asiyejua kuwa swichi ipo hawezi kuizima. Mwaka 2023, pendekezo la kukusanya bila kuuliza lilipopingwa, waundaji wa lugha ya programu ya Go waliamua takwimu zitumwe kwa ridhaa ya mtumiaji tu.