Meno ya Kahawia: Jinsi Maji ya Kunywa Yalivyofichua Siri ya Floridi

Kwenye miteremko ya Mlima Meru, mkoani Arusha, wapo watu wengi ambao tabasamu lao hutaja mahali walipokulia. Meno yao ya mbele yana madoa ya kahawia, na kwa baadhi yao uso wa jino umechimbika vishimo vidogo. Madoa hayo hayatoki kwa mswaki, kwa mkaa wala kwa chumvi, kwa sababu hayakugandia juu ya jino. Yamo ndani yake tangu lilipokuwa likijengeka chini ya ufizi. Chanzo chake ni floridi, madini yanayoyeyuka katika maji bila kuacha rangi, ladha wala harufu. Madini hayo hayo, yakiwa kwa kiasi kidogo, huyakinga meno yasioze. Ilichukua miongo mingi kuyatambua mambo hayo mawili, na sehemu muhimu ya kazi hiyo ilifanyika katika vinywa vya watoto wa Tanzania.

Fumbo la Colorado

Mwaka 1901, Frederick McKay, daktari wa meno aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka chuoni, alianza kazi katika mji wa Colorado Springs, Marekani. Alikuta wenyeji wengi wana madoa ya kahawia, mengine yamekolea kama chokoleti. Vitabu vyake havikuwa na neno juu ya jambo hilo. Wakazi walikuwa na maelezo yao: wengine walilaumu nyama ya nguruwe, wengine maziwa duni, wengine maji yenye chokaa.

Mwaka 1909 G. V. Black wa Chicago, mtafiti mashuhuri wa meno wa zama zile, alikubali kwenda kujionea. Uchunguzi ulionyesha kwamba karibu watoto 9 kati ya 10 waliozaliwa mjini hapo walikuwa na madoa. Black aliendelea na utafiti huo hadi alipofariki mwaka 1915, na kazi yake pamoja na McKay ilifichua mambo mawili. Kwanza, madoa huingia wakati jino linaumbika, hivyo mtu aliyehamia mjini meno yake ya utu uzima yakiwa tayari yameota alisalimika. Pili, na hili liliwashangaza, meno hayo yaliyoharibika sura hayakuwa yakioza upesi kama meno mengine.

Mwaka 1923 McKay aliitwa Oakley, mji mdogo wa jimbo la Idaho. Wazazi wa huko walimweleza kwamba madoa yalianza kuonekana baada ya mji kuvuta bomba la maji kutoka chemchemi ya maji vuguvugu. McKay alipima maji hayo asione kitu cha kutilia shaka, lakini aliyaamini macho ya wazazi. Aliwashauri waliache bomba hilo na kutumia chemchemi nyingine. Baada ya miaka michache, watoto wadogo wa Oakley waliota meno ya utu uzima yasiyo na doa.

Jibu kutoka maabara ya aluminiamu

Sasa ilijulikana kwamba ubaya umo majini, ila haukuwa na jina. Jina lilipatikana kwa njia ya mji wa Bauxite, jimbo la Arkansas, uliokuwa mali ya kampuni ya aluminiamu ya Alcoa. Watoto wa Bauxite walikuwa na madoa, ilhali wa mji jirani hawakuwa nayo. H. V. Churchill, mkemia mkuu wa kampuni hiyo, aliingiwa na wasiwasi, kwani wakati huo baadhi ya watu walikuwa wakidai kwamba sufuria za aluminiamu zina sumu. Aliagiza maji ya Bauxite yapimwe kwa mtambo unaotambua madini kwa mwanga wake. Majibu yalionyesha floridi kwa kiasi ambacho hakuna aliyetegemea kukikuta katika maji ya kunywa. Churchill hakuridhika hadi sampuli nyingine ilipoletwa na kuthibitisha. Mwaka 1931 alimwandikia McKay akimwomba maji kutoka miji mingine yenye madoa, na yote yakakutwa na floridi nyingi. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona nao walifikia jibu hilo kwa kuwanywesha panya maji ya eneo lenye madoa.

Kutafuta kipimo

Serikali ya Marekani ilimkabidhi kazi iliyobaki H. Trendley Dean, daktari wa meno wa idara ya afya ya umma. Swali lake lilikuwa moja: floridi kiasi gani huleta madoa? Mkemia mwenzake, Elias Elvove, alibuni njia ya kupima hadi sehemu ya kumi ya miligramu kwa lita. Dean alitembea mji kwa mji akitazama vinywa vya watoto na kuyapanga madoa kwa ngazi, kuanzia jino safi hadi lililoharibika kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1930 alikuwa na jibu. Maji yenye takriban miligramu 1 kwa lita hayakuleta madoa ya kuonekana kwa watoto wengi, na bado yalipunguza sana kuoza kwa meno.

Tarehe 25 Januari 1945, Grand Rapids, Michigan, ukawa mji wa kwanza duniani kuongeza floridi katika maji ya bomba kwa makusudi. Watafiti waliwafuatilia watoto wa shule karibu 30,000. Baada ya miaka 11, meno yaliyooza kwa watoto waliozaliwa tangu siku hiyo yalikuwa yamepungua kwa zaidi ya asilimia 60. Baadaye floridi iliingizwa katika dawa ya meno, na ikafahamika kwamba ulinzi wake mkubwa hutokea kwenye uso wa jino, pale inaposaidia madini yaliyoliwa na asidi kurudi mahali pake. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliweka dawa ya meno yenye floridi katika orodha yake ya dawa muhimu.

Rula iliyotoka Tanzania

Afrika Mashariki haikuhitaji kuongezewa floridi. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa imejaa madini hayo, na maji yake yana magadi mengi na kalsiamu kidogo. Kalsiamu ingekuwa nyingi, ingeishika floridi na kuitua chini. Kwa kuwa ni kidogo, floridi hubaki imeyeyuka katika mito, visima na chemchemi za Arusha, Nakuru na kwingineko. Jikoni nako kuna njia nyingine. Magadi yanayotiwa katika makande au kiburu ili mahindi, maharage na ndizi viive upesi yaweza kuwa na floridi nyingi. Ndiyo maana baadhi ya vijiji vya Kilimanjaro vyenye maji mazuri bado vina watoto wenye madoa.

Mwaka 1978 watafiti wawili wa Denmark, Anders Thylstrup na Ole Fejerskov, walichapisha kipimo kipya cha madoa chenye ngazi 0 hadi 9. Walilinganisha sura ya jino na mabadiliko yaliyo ndani ya enameli, yaani tabaka gumu la juu, wakitumia meno ya watoto wa maeneo ya Tanzania yenye floridi nyingi. Kipimo hicho hutumika hadi leo pande nyingi za dunia. Meno ya watoto hao yaliwafundisha madaktari wa mataifa mengi kusoma athari za floridi, huku vijiji vyenyewe vikiendelea kuchota maji yaleyale.

Deni la kuvisaidia vijiji hivyo lina uzito, kwa sababu madhara hayaishii kwenye meno. Floridi nyingi mno, ikinywewa kwa miaka, hukakamaza viungo na kupinda mifupa. WHO inashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa muda mrefu iliruhusu hadi miligramu 4, kwa sababu maeneo mengi hayakuwa na maji mengine. Kuchemsha hakusaidii: maji hupungua na floridi hubaki.

Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, na Jimbo Katoliki la Nakuru nchini Kenya wameendeleza chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa huchomwa katika tanuri lenye hewa kidogo. Ikiungua nusunusu, maji hunuka. Ikiungua kupita kiasi hadi kuwa myeupe, nguvu ya kunasa floridi hupungua. Njia nyingine ni kutia shabu na chokaa katika ndoo, kukoroga, kisha kuacha uchafu utuame. Mwaka 2015 Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alipata Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi kwa chujio linaloweza kulengwa kwa uchafu wa eneo husika, floridi ikiwemo.

Hatari ya madoa ni kubwa hadi mtoto afikapo miaka 8 hivi, ambapo enameli ya meno yote isipokuwa magego ya mwisho huwa imekamilika. Kwa hiyo chanzo kipya cha maji hakiwezi kusafisha meno ya waliokwisha kukua. Matokeo yake huonekana baadaye, kama ilivyokuwa Oakley, katika vinywa vya wanaozaliwa baada ya bomba kubadilishwa.