Jenereta ya dizeli iliyolala miezi mingi ikikataa kuwaka

USIKU wa Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilitumbukia gizani kwa saa kadhaa. Katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, jenereta ya baadhi ya kumbi za abiria ilikataa kuwaka, na aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, Kipchumba Murkomen, akalazimika kuomba radhi.

Ikiwa hayo yalitokea mahali penye mafundi mchana na usiku, sembuse jenereta ya zahanati ya mashambani iliyofunikwa turubai tangu mwaka jana? Chanjo nyingi huhitaji jokofu lenye nyuzijoto 2 hadi 8, na mayai yaliyo kwenye mashine ya kutotolea vifaranga hayamsubiri fundi atoke mjini.

Jambo la kutia moyo ni kwamba mara nyingi injini iliyokaa bure haijafa. Haina plagi za cheche kama ya petroli. Katika injini hii, iliyopewa jina la mvumbuzi wake Mjerumani, Rudolf Diesel, hewa husindikwa ndani ya silinda hadi joto lake hupita nyuzi 500, kisha dizeli hunyunyizwa humo na kushika moto yenyewe. Ikizungushwa polepole, ikikosa mafuta safi au ikikosa hewa, itanyamaza.

Kosa la wengi ni kukimbilia ufunguo. Kwanza waya wa hasi wa betri uondolewe, ili mtambo unaojiwasha wenyewe usimkate mtu vidole. Kisha oili ikaguliwe: ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani na injini isizungushwe kabisa. Chujio la hewa lifunguliwe, kwa kuwa panya hupenda kujenga humo, na bomba la moshi litazamwe. Bomba lililoachwa wazi juu hupitisha mvua hadi kwenye silinda, na kwa kuwa maji hayasindikiki kama hewa, starta ikivuta kwa nguvu huweza kupinda chuma cha pistoni. Ndiyo sababu mafundi wazoefu huizungusha injini kwa mkono, kwa spana, mizunguko miwili kamili kabla ya kitu kingine chochote.

Baada ya hapo waya urudishwe na betri ipimwe. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma takriban volti 12.6 ikiwa imetulia. Ikiwa chini ya 12.4 ichajiwe, mahali penye hewa na pasipo moto, kwani hutoa gesi inayolipuka. Kipimo cha kweli, hata hivyo, ni wakati wa kuzungusha injini. Volti zikiporomoka chini ya 9.6, betri hiyo imechakaa hata kama taa zake zinawaka vizuri. Sauti ya ‘ta-ta-ta’ bila injini kuzunguka humaanisha betri dhaifu au vichwa vyake vimeota kutu. Hivyo husafishwa kwa maji ya vuguvugu yenye magadi, bila kuyaacha yaingie ndani ya betri. Starta isishikiliwe zaidi ya sekunde 10 hadi 15, kisha ipumzishwe dakika mbili.

Injini ikizunguka kwa kasi lakini haishiki, mwangalizi atazame bomba la moshi. Pasipokuwa na moshi hata kidogo, mafuta hayafiki. Hapa ndipo wenye jenereta wengi hupotezea siku nzima, ilhali pengine koki ya tangi imefungwa au kitufe chekundu cha kuzima kwa dharura kimebaki kimebonyezwa. Pia kuna kizimio cha umeme kwenye pampu, ambacho hupaswa kulia ‘tak’ ufunguo unapofunguliwa. Kikinyamaza, kimeganda au hakipati umeme.

Dizeli yenyewe huzeeka. Inapokaa zaidi ya mwaka mmoja katika tangi lililojaa nusu, unyevu wa hewa hugeuka matone ya maji yanayotulia chini, na palepale maji yanapokutana na mafuta huota vijidudu vinavyofanya utelezi mweusi wa kuziba chujio. Mafuta kidogo ya chini ya tangi yakingwe kwenye chupa ya kioo na kuachwa yatulie: maji yataonekana chini kama mstari. Yakiwepo, tangi lisafishwe, vichujio vibadilishwe na dizeli mpya itiwe.

Kubadilisha chujio huingiza hewa, na pampu haiwezi kusukuma povu. Skrubu ya juu ya chujio hulegezwa, pampu ndogo ya mkono husukumwa hadi mafuta yatoke bila mapovu, kisha skrubu hukazwa mafuta yakiendelea kutoka. Kwa injini za zamani, nati za mabomba ya nozeli huweza kulegezwa kidogo huku injini ikizungushwa. Mkono usikaribie hapo: mafuta ya shinikizo hilo hutoboa ngozi, na jeraha dogo kama la sindano laweza kumgharimu mtu kidole. Injini za kisasa zinazodhibitiwa na kompyuta zisiguswe sehemu hiyo.

Moshi mweupe una maana nyingine. Mafuta yanafika lakini hayaungui, kwa sababu ya baridi, mzunguko wa polepole, plagi za kupasha joto zilizoungua au silinda zisizosindika vyema. Wapo wanaopulizia etha kwenye njia ya hewa. Katika injini yenye plagi za joto, etha hulipuka kabla ya wakati wake na kuvunja pistoni. Senti zilizookolewa kwa fundi huishia kwenye injini mpya.

Hutokea pia injini ikanguruma vizuri na umeme usitoke. Sumaku kidogo inayobaki kwenye mtambo wa kuzalisha umeme huweza kupotea kwa kukaa muda mrefu, na fundi wa umeme huirejesha kwa betri katika dakika chache. Kazi hiyo si ya kubahatisha, kwani kidhibiti cha volti huungua upesi.

Injini ikishaamka, ipewe mzigo. Kanuni za Marekani za mitambo ya dharura, NFPA 110, hutaka jenereta iendeshwe kila mwezi kwa dakika 30, ikibeba angalau asilimia 30 ya uwezo wake. Ikinguruma bure, dizeli isiyoungua hujikusanya kwenye bomba la moshi kama lami. Nayo isiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, wala kuunganishwa na nyaya za nyumba bila swichi ya kubadilishia, kwani umeme unaorudi barabarani humkuta fundi wa laini akiwa juu ya mlingoti.