Ukusanyaji wa postikadi na picha za kale katika Afrika ya Mashariki

Ukusanyaji wa postikadi na picha za kale ni shughuli ya burudani ya kutafuta, kupanga, kuchunguza na kutunza kadi za posta zenye picha pamoja na picha za kamera zilizopigwa zamani. Katika lugha kadhaa za Ulaya ukusanyaji wa postikadi huitwa deltiolojia, kutokana na neno la Kigiriki *deltion* linalomaanisha kibao kidogo cha kuandikia. Shughuli hii iko karibu na filateli, yaani ukusanyaji wa stempu.

Katika Afrika ya Mashariki shughuli hii ina umuhimu wa pekee kwa historia. Picha nyingi zilizopigwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia zilipelekwa Ulaya na Marekani, na mara nyingi zilichapishwa bila jina la mtu anayeonekana. Upande mwingine, picha zilizobaki nyumbani huharibiwa na mchwa na unyevu, na wazee wanaowajua waliomo hufariki. Kwa hiyo kazi kubwa ya mkusanyaji ni kuhifadhi si picha tu, bali pia majibu ya maswali matatu: ni nani, ni wapi na ni lini.

## Historia

### Asili ya postikadi

Kadi ya kwanza rasmi ya posta ilitolewa na Austria-Hungaria tarehe 1 Oktoba 1869. Haikuwa na picha. Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa Bern, Uswisi, mwaka 1874, ulirahisisha kadi kusafiri kutoka nchi moja hadi nyingine. Kadi zenye picha zilienea sana kuanzia miaka ya 1890 hadi mwaka 1914, na kipindi hicho huitwa na wakusanyaji zama za dhahabu za postikadi.

Mwanzoni upande wa nyuma ulikuwa wa anwani peke yake, hivyo mwandishi alibana maneno yake kando ya picha. Baadaye upande huo uligawanywa kwa mstari: kushoto ujumbe, kulia anwani. Uingereza iliruhusu mgawanyo huo mwaka 1902, Ujerumani 1905 na Marekani 1907.

### Zanzibar na pwani

Baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869, meli za abiria kutoka Ulaya zilizidi kufika Zanzibar na Mombasa. Wasafiri walitaka kumbukumbu za kupeleka kwao, na wapiga picha walifungua studio karibu na bandari. Wengi wao walikuwa na asili ya Goa, Uhindi. Kati ya majina yanayoonekana kwenye picha na kadi za zamani za Zanzibar ni A. C. Gomes, Pereira de Lord na Coutinho Brothers.

Mada zao zilikuwa majumba ya Sultani, vichochoro vya Mji Mkongwe, majahazi, uanikaji wa karafuu na sura za watu. Kwa kawaida picha ilipigwa Zanzibar lakini kadi ilichapishwa katika viwanda vya Ulaya, kisha ikarudishwa kwa meli kuuzwa kwa wageni.

Mwaka 1930 Ranchhod Oza alianzisha Capital Art Studio katika Mji Mkongwe. Alipiga picha za sherehe za Sultani na pia za maisha ya kawaida ya mjini. Baadaye mwanawe aliendelea na kazi hiyo, na picha za studio hiyo ni kati ya kumbukumbu muhimu za Zanzibar ya karne ya 20.

### Afrika ya Mashariki ya Kijerumani

Huko Dar es Salaam wakati wa utawala wa Wajerumani walifanya kazi wapiga picha kama C. Vincenti na Walther Dobbertin (1882–1961). Dobbertin alifika koloni mwaka 1903 na picha zake zinaonyesha miji, mashamba, askari na vita vya 1914–1918. Nyingi kati yake ziko katika Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho la Ujerumani.

### Mkoa wa Mara

Kwa sehemu ambazo leo ni wilaya za Serengeti na Tarime, picha za zamani zinazojulikana si nyingi kama zile za pwani, kwa sababu hapakuwa na bandari ya bahari wala soko la watalii. Picha za mwanzo zilipigwa hasa na wageni waliokuwa kazini: maofisa wa kijeshi, wapima ardhi na wamisionari.

Wajerumani walikuwa na kituo huko Shirati, kando ya Ziwa Viktoria, na mwanzoni mwa karne ya 20 walijenga ngome ya Ikoma, ambayo magofu yake yako katika Wilaya ya Serengeti yenye makao makuu Mugumu. Ofisa Max Weiss alitoa kitabu mwaka 1910 mjini Berlin kuhusu makabila ya kaskazini mwa koloni. Kitabu hicho kina picha nyingi, na kati ya watu wanaoelezwa ni Wakuria.

Mwaka 1934 wamisionari Wamenoniti kutoka Marekani walifika Shirati. Kama wamisionari wengine, waliandika barua na kupeleka picha kwa makanisa yaliyowatuma. Kwa sababu hiyo mtu wa Mara anayetafuta picha ya kijiji cha babu yake anaweza kuikuta katika albamu iliyoko Ujerumani au Marekani kabla ya kuikuta Musoma.

Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951. Tangu hapo picha nyingi zilizoenea duniani kutoka eneo hili zimekuwa za wanyama. Picha za Waikoma, Wanata, Waishenyi, Wangoreme na Wakuria katika maisha yao ya kila siku ziko zaidi katika familia zenyewe: kwenye masanduku, kwenye fremu za sebuleni na katika bahasha za vyeti.

## Aina

- Postikadi ya kuchapishwa: picha imechapwa kwa wino kiwandani, mara nyingi kwa maelfu ya nakala. Ikitazamwa kwa kioo cha kukuza huonyesha vitone au chembechembe za wino.
- Postikadi ya picha halisi: picha imesafishwa moja kwa moja kwenye karatasi ya kamera yenye mistari ya anwani nyuma. Chini ya kioo haina vitone. Nakala zake huwa chache.
- Picha ya studio: mtu au familia mbele ya pazia lililochorwa. Nyuma mara nyingi kuna muhuri wa studio au maneno ya ukumbusho kwa ndugu na rafiki.
- Picha ya albamu: picha ndogo za safari, shule, harusi, misiba na kazini.
- Negativi: kioo au filamu ambayo picha ilitolewa. Hupuuzwa mara nyingi, ingawa ndiyo asili yenyewe.

## Kutambua umri

Tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ni ya kuandika au kutuma, si lazima iwe ya kupiga picha. Picha ya mwaka 1895 iliweza kuuzwa kama kadi miaka 15 baadaye. Kwa hiyo mkusanyaji hulinganisha dalili kadhaa.

Majengo. Mfano maarufu ni Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa mwaka 1883. Kabla ya mashambulizi ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896, mnara ulisimama peke yake mbele ya jumba. Uliharibiwa, na mwaka 1897 mnara wa saa ulijengwa kwenye jumba lenyewe. Picha yenye mnara uliotengana ni ya kabla ya vita hivyo. Huko Dar es Salaam, sanamu ya Wissmann ilisimamishwa mwaka 1909 na kuondolewa baada ya Waingereza kuuteka mji, wakati Sanamu ya Askari ni ya mwaka 1927.

Stempu na muhuri. Zanzibar ilianza huduma yake ya posta Novemba 1895. Kabla ya hapo barua zilipitia posta ya Uhindi ya Kiingereza, na kulikuwa pia na ofisi ya posta ya Wafaransa. Katika koloni la Wajerumani bei ya stempu ilikuwa kwa pesa (rupia 1 ilikuwa pesa 64), kisha kuanzia miaka ya 1904–1905 kwa heller (rupia 1 ilikuwa heller 100). Stempu za Tanganyika zenye kichwa cha twiga zilianza mwaka 1922, na stempu za pamoja za Kenya, Uganda na Tanganyika mwaka 1935.

Mgongo wa kadi. Mgongo usiogawanywa kwa mstari huonyesha kadi ya zamani zaidi.

Rangi. Kadi nyingi za zamani zilipakwa rangi kiwandani na watu ambao hawakuwahi kufika Afrika. Rangi ya kanga, ya bahari au ya ngozi katika kadi hizo si ushahidi wa rangi halisi.

## Maelezo ya uongo na watu wasio na jina

Maandishi yaliyochapwa chini ya postikadi yanahitaji kusomwa kwa tahadhari. Wachapishaji walitumia maneno ya jumla kama "msichana wa Kiswahili" au "shujaa", wakati aliyepigwa picha alikuwa na jina, ukoo na kazi yake. Picha moja iliweza kuuzwa kwa majina ya makabila au miji tofauti. Baadhi ya wanawake walipangwa studioni, wakavalishwa au kuvuliwa nguo ili kumfurahisha mnunuzi wa Ulaya.

Kwa sababu hiyo wakusanyaji makini huandika mambo mawili mbalimbali: kwanza maelezo ya mchapishaji kama yalivyo, halafu yale yaliyothibitishwa. Picha ya kudhalilisha haisambazwi kama pambo. Pia kumiliki kadi si kumiliki hakimiliki ya picha, na picha ya familia huhitaji ridhaa ya wenyewe kabla ya kutangazwa.

## Utunzaji

Adui wakubwa wa picha katika Afrika ya Mashariki ni unyevu, joto, mwanga wa jua, mchwa, mende na kombamwiko, pamoja na mikono yenye mafuta. Kanuni za kawaida ni hizi:

- Picha hushikwa pembeni, kwa mikono safi na mikavu.
- Maelezo huandikwa nyuma kwa penseli laini, bila kukandamiza. Kalamu ya wino hupenya au kuacha alama upande wa picha.
- Gundi na selotepu hazitumiki. Hubadilika kuwa za njano na kuchana karatasi.
- Picha huwekwa katika bahasha za karatasi isiyo na asidi, ndani ya kisanduku kilichoinuliwa kutoka sakafuni na mbali na ukuta wenye unyevu.
- Picha zilizogandamana na kioo cha fremu hazibanduliwi kwa nguvu. Ni salama zaidi kuzipiga picha zikiwa humo humo.
- Stempu haibanduliwi kwenye kadi, kwa kuwa stempu, muhuri na anwani ni sehemu ya ushahidi.

Nakala ya kidijitali hutengenezwa kwa skana au simu, pande zote mbili, kwa mwanga sawa. Haichukui nafasi ya picha yenyewe, ila humwezesha mzee kuitazama ikiwa imekuzwa na kuwataja waliomo. Majina hayo huandikwa pamoja na jina la aliyeyatoa na tarehe ya mazungumzo.

## Makusanyo ya umma

Mkusanyo wa Winterton katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, una zaidi ya picha 7,000 za Afrika ya Mashariki za miaka 1860 hadi 1960. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt, Ujerumani, inatunza hifadhi ya picha za zama za ukoloni. Mwaka 2008 Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho la Ujerumani iliweka maelfu ya picha kwenye Wikimedia Commons, zikiwemo za Dobbertin. Mikusanyo hii mitatu ina sehemu zinazoweza kutazamwa kupitia intaneti.

Nchini Tanzania picha za kihistoria zinapatikana katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar na Makumbusho ya Taifa. Katika Mkoa wa Mara, Makumbusho ya Mwalimu Nyerere huko Butiama huonyesha picha za maisha ya rais wa kwanza wa nchi.

Umuhimu wa makusanyo haya ulionekana tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka pamoja na mnara wake. Postikadi zilizouzwa zamani kwa wasafiri zimebaki kati ya ushahidi wa jinsi jumba hilo lilivyokuwa.

## Tazama pia

- Beit al-Ajaib
- Filateli
- Mkoa wa Mara
- Upigaji picha
- Wilaya ya Serengeti