Hela ya Mtoto: Malezi na Fedha katika Milima ya Usambara

Lugha ya Kiswahili ina majina mengi ya fedha, na kila jina lilikuja kwa njia yake. Fedha yenyewe ni neno la Kiarabu, na maana yake ya asili ni yale madini meupe ya kufulia mapambo. Pesa ilitoka Bara Hindi pamoja na rupia. Hela, neno ambalo mtoto wa Lushoto hulitamka kila siku dukani na gulioni, ni Heller ya Wadachi, sarafu ndogo iliyowekwa kwa amri ya mwaka 1904 na kutoweka baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Sarafu ilikufa, jina likabaki, tena likakua: lililokuwa jina la sehemu moja katika mia ya rupia limekuwa jina la fedha zote.

Mambo haya aghalabu huachiwa watunga kamusi. Lakini mwenye kuchunguza historia ya malezi naye ayatazame, kwa kuwa yaonyesha njia ambayo fedha iliifikia nyumba ya Msambaa. Wazee wa Usambara walikuwa na mafunzo yao ya mali kwa watoto kabla sarafu haijaenea milimani. Walakini sarafu haikuingia kwa mlango wa mafunzo hayo. Iliingia kwa mlango wa kodi, na kwa muda mrefu mtoto aliijua kama kitu kinachodaiwa na mtu wa nje kabla ya kuijua kama kitu cha kuwekwa, kugawanywa au kukopeshana.

Mafunzo ya kale yalianza shambani. Katika nyumba ya mume mwenye wake kadhaa, kila mke alikuwa na nyumba yake na mashamba yake, na watoto walijua tangu udogo migomba ipi ni ya mama yao na ipi ni ya nyumba nyingine ya baba. Hakuhitajika mwalimu: mtoto aliyetumwa kukata ndizi akakosea shamba alifundishwa mipaka siku ile ile. Ng'ombe na mbuzi walikuwa mikononi mwa baba, nao hawakuwa wa kutumiwa apendavyo, maana ndio waliotazamiwa kwa mahari ya mwana na kwa malipo ya makosa ya jamaa. Mtoto aliyechunga mbuzi wale alikuwa akichunga mahari yake mwenyewe, naye alijua hivyo.

Hata masimulizi ya asili ya ufalme ni masimulizi ya mali. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichochapwa kwanza na Misheni ya Magila na kutolewa tena mwaka 1962 kwa usimamizi wa J. W. T. Allen, aeleza jinsi Mbegha alivyonyimwa urithi na jamaa zake kwa kuwa alikuwa kigego, yaani mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu. Akawa mwindaji, akafika Usambara, akawapa wenyeji nyama ya nguruwe, nao wakampa vyakula vya shamba. Na katika kupeana huko ukatoka utawala wa Wakilindi, ambao makao yake yalikuwa Vugha. Waandishi wa historia wameichambua habari hii kwa ajili ya siasa yake. Yafaa pia isomwe kama ilivyosikiwa na mtoto jioni: mtu aliyenyang'anywa haki yake nyumbani akapata kubwa zaidi kwa kutoa.

Sasa na itazamwe rupia. Amri ya kodi ya nyumba ilitolewa na Serikali ya Kijerumani mwaka 1897, na kukusanywa kulianza mwaka uliofuata. Katika shamba kiwango cha kawaida kilikuwa rupia tatu kwa nyumba. Kodi haikutosha kuwashusha Wasambaa kwenda kufanya kazi kwa walowezi, kwa kuwa mwenye migomba na mahindi alikuwa na chakula chake. Kwa hiyo mwaka 1907 katika wilaya ya Wilhelmstal, ndivyo Lushoto ilivyoitwa wakati huo, kila mwanamume mzima alipewa kadi, naye akalazimishwa kumfanyia Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne. Asiyeijaza aliweza kutiwa katika kazi za serikali. Neno kipande, ambalo asili yake ni sehemu tu ya kitu kizima, likawa jina la karatasi ya kazi, na likaenea katika Afrika ya Mashariki yote. Mtoto wa zama hizo alimwona baba yake akihesabu siku, na hesabu ile ndiyo iliyokuwa somo lake la kwanza la ujira.

Hesabu yenyewe nayo haikutulia. Rupia ya kwanza ya Wajerumani ilikuwa na pesa 64. Robo yake ni pesa 16, na nusu ya robo ni pesa 8. Ni hesabu ya kukata nusu kwa nusu, rahisi kwa mtu asiyejua kuandika. Ilipokuja hela, rupia ikawa 100. Tangu mwaka 1922 ikatumika shilingi ya Afrika ya Mashariki yenye senti 100, na rupia ikahesabiwa kuwa shilingi mbili. Hivyo katika muda usiozidi miaka ishirini mzazi alibadilishiwa hesabu mara mbili. Neno thumuni latunza kumbukumbu ya vurugu hizo. Maana yake ni sehemu ya nane, wala senti 50 si sehemu ya nane ya shilingi. Ilikuwa sehemu ya nane ya riale, fedha ya zamani iliyokadiriwa kuwa kama shilingi nne. Watoto waliotumwa dukani na thumuni walitaja kila siku riale ambayo wengi wao hawakuiona. Nao waliosoma shule za misheni, kama zile za Mlalo na Vuga, walikuwa na hesabu ya mia vitabuni, wakati mzee nyumbani bado akikata nusu kwa nusu. Hapana shaka kuwa katika nyumba nyingi mwana ndiye aliyemfundisha baba kupokea chenji.

Hapo ndipo penye jambo zito. Chini ya Waingereza kodi haikuwa ya nyumba peke yake. Kijana asiye na nyumba naye alitozwa kodi ya kichwa. Basi kijana alihesabiwa kuwa mtu mzima na karani kabla hajahesabiwa hivyo na jamaa zake. Akishuka kwenye mkonge wa Korogwe au Tanga akarudi na mshahara, fedha ile ni ya nani? Kwa kanuni ya mbuzi, mali ya mwana asiyeoa imo katika mali ya baba, na baba atamtolea mahari. Kwa kanuni ya kipande, mshahara ni wa aliyetia kidole gumba. Kijana aliyeweza kujitolea mahari alipunguza haja yake kwa baba, na baba naye alipunguziwa wajibu wake. Wengi walisema vijana wameharibika. Maneno hayo si ya haki, kwa sababu kijana hakuitafuta fedha kwa tamaa; aliagizwa aitafute, na nyumbani hakuna aliyekuwa na desturi iliyo tayari ya kumwambia aifanyeje. Kodi ya kichwa ilifutwa mwaka 1969, ikarudi katika miaka ya 1980 kwa jina la kodi ya maendeleo, na kuondolewa tena mwaka 2003.

Mafunzo ya fedha yaliyofanikiwa nyumbani yaonekana zaidi upande wa akina mama, nayo hayakuandikwa sana. Kahawa ilikuwa na fedha ya mara moja kwa mwaka, nayo ilikwenda kwa baba. Mboga na matunda huleta fedha ndogo kila gulio. Binti anayefuatana na mama yake Soni au Mlalo hujifunza kupanga fungu: nyanya nzuri juu, lakini si nzuri mno kuliko za chini, mnunuzi asije akarudi na maneno. Hujifunza kuwa nyongeza hutolewa baada ya kulipwa, wala si kabla. Hujifunza pia dhuluma ya lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba ambalo mchuuzi wa mjini hulilipia kama gunia moja, ijapokuwa sheria ya vipimo imelikataza. Fedha ya fungu huingia katika kibubu, kisanduku cha tundu moja. Neno hilo latokana na bubu, na jina lamfaa mtunzaji asiyemwambia mtu kiasi alichonacho.

Mwaka 2008 ilianza Tanzania huduma ya kutumiana fedha kwa simu, na jina lake, M-Pesa, likairudisha ile pesa ya rupia. Mkulima wa viazi huko Mlalo aweza sasa kupokea malipo yake kutoka Dar es Salaam bila kushika noti. Wazee wasioweza kusoma ujumbe huo humpa simu mjukuu, naye husoma kiasi kwa sauti, mbele ya wote waliopo.