Shahada Iliyotanguliwa na Almasi

John Thoburn Williamson alipoigundua almasi ya Mwadui mwaka 1940, tayari alikuwa na shahada ya uzamivu ya jiolojia kutoka Chuo Kikuu cha McGill, Kanada. Habari zake husimuliwa kama za mtu wa bahati, na elimu yake hupitwa haraka. Bahati ilikuwepo, lakini kuutafuta mwamba wa kimbalaiti, ule unaobeba almasi, katika mbuga za Usukuma kulitaka mtu anayejua sura yake na madini yanayoandamana nao. Mwamba wenyewe una eneo la hekta 146, nao ni miongoni mwa mikubwa kabisa iliyowahi kuchimbwa duniani.

Kilichofuata kilikuwa elimu ya maada mchana na usiku. Almasi hailowi maji kwa urahisi, bali hunata kwenye grisi. Kwa hiyo migodi ya almasi ilizoea kupitisha kokoto na maji juu ya meza iliyopakwa grisi: mawe mengine yanasombwa, almasi inabaki. Ni nzito kuliko kokoto nyingi, hivyo huzama katika tope zito la ferosilikoni. Ikipigwa eksirei, hung'aa. Mfanyakazi aliyeyashuhudia haya kila zamu alijua mengi kuhusu maada, ila hakuwa na cheti cha kuyathibitisha.

Angepata wapi shahada? Kule Ohio, Marekani, Edward Orton Jr. alikuwa ameanzisha masomo ya uhandisi wa kauri, tawi mojawapo la elimu ya maada, chuoni tangu 1894. Huku kwetu, enzi za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kati ya 1963 na 1970, uhandisi ulikuwa Nairobi, udaktari Makerere na sheria Dar es Salaam. Kijana wa Shinyanga aliyetaka kuwa mhandisi alivuka mpaka. Serikali ya Tanganyika ilikuwa mbia wa mgodi tangu 1958, pamoja na De Beers, lakini Kitivo cha Uhandisi cha Dar es Salaam kilifunguliwa 1973, na Idara ya Jiolojia ikafuata 1974.

Uhandisi wa migodi na uchenjuaji wa madini ulichelewa zaidi. Ulipata nafasi yake Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati migodi mikubwa ya dhahabu ilikuwa imeshaanza kazi: Nzega 1998, Geita 2000, Bulyanhulu 2001. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007, nacho kikaja kufundisha fani hizo. Kwangu, hilo ndilo kosa kubwa katika historia hii: mitambo iliagizwa kwanza, wahandisi wakatafutwa baadaye.

Na kauri? Wengi huiona kuwa habari ya vikombe na vigae, ilhali bila kauri dhahabu ya Geita haipimiki kwa moto. Maabara husaga mwamba, huuchanganya na oksidi ya risasi na magadi, kisha huuyeyusha katika chungu cha udongo unaostahimili joto kali. Risasi hukusanya dhahabu. Tonge lake huhamishiwa kwenye kikombe cha majivu ya mifupa, ambacho hufyonza risasi iliyoungua na kubakiza punje ya dhahabu pamoja na fedha iliyomo. Dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 1,064 za Selsiasi, na chombo kinachoibeba lazima kivumilie zaidi ya hapo bila kupasuka wala kuichafua. Kutengeneza chombo cha namna hiyo ni kazi ya mhandisi wa kauri.

Udongo tunao. Kaolini ya Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, inajulikana tangu ukoloni, na Chalinze kuna kiwanda kikubwa cha vigae. Anayesomea metali leo angepaswa kusomea pia tanuri, udongo na moto kuanzia mwaka wa kwanza. Vijana wachimbaji wadogo wanaohangaika na makarasha ya kusagia mwamba, zebaki na marudio, yaani mabaki ya mwamba uliosagwa, huko Geita na Kahama wangefaidika na mhandisi wa namna hiyo kabla ya mtu mwingine yeyote, kwani moto wanao kila siku, na moshi wa zebaki wanauvuta wao.